Mazoezi ya Kuumwa

Jumatano, tarehe kumi na tisa mwezi wa pili, saa tatu na robo asubuhi, daktari alimwambia mke wa Dobi kwamba haumwi kitu cha kutisha. Mambo yaliharibikia hapo. Siku aliyoanza kuumwa hakuna aliyeiona ikipita, na siku ya kuanguka haikuwahi kuwepo, maana alikuwa mwanamke wa kushika ukuta na kusema "nimeteleza." Yaliharibika siku aliyoambiwa ni mzima, na mumewe akasema ahsante.

Na walikuwa wamejiandaa, si mchezo. Tangu alfajiri Dobi alikuwa ameshawasha pasi. Mtu anayenyoosha nguo za mtaa mzima hawezi kumtoa mkewe mbele za watu akiwa na mkunjo hata mmoja. Alilitia wanga kola la gauni la kijani lenye maua meupe, akalipitia mshono kwa mshono, akalitundika mlangoni lipoe. Mkewe akajipaka mafuta, akafunga kitambaa kichwani, akameza vidonge viwili vya maumivu kwa maji ya uvuguvugu, apate nguvu za kutembea mpaka kituo cha afya na kukalia lile benchi lao. Walipopita mbele ya kibanda cha jirani yao, fundi cherehani, mwanamke aliyejaliwa mwili na mdomo kwa kipimo kimoja, mwenyewe aliacha kushona akapiga kigelegele.

"Haya maharusi! Mnakwenda hospitali au mnakwenda kuoana upya?"

"Tunakwenda kuoana," Dobi alisema. "Ukimaliza suruali za watu uje utushikie pete."

Getini mwa kituo kulikuwa na bango la mheshimiwa aliyekifungua, anacheka meno yote nje. Ndani benchi lilikuwa na mguu mmoja uliofungwa kwa waya, na pa kunawia palikuwa na alama tu ya mahali bomba lilipokuwa. Hela za bango zilipatikana. Mke wa Dobi alipofika dirishani, karani hakuinua kichwa.

"Unaumwa nini?"

Nyuma yake walikuwa wamesimama wanaume kama saba, mmoja wao mteja wa mumewe.

"Tumbo," alisema.

"Tumbo!" karani akarudia kwa sauti ya kunadi mitumba, akaandika.

Daktari alikuwa kijana, mwenye miwani na haraka. Aliisoma karatasi ya karani kana kwamba mgonjwa mwenyewe yumo mle. Alimlaza, akambonyeza juu ya kitovu. Hapa? Kidogo, daktari. Na hapa? Si sana. Vidonge vilikuwa vimekolea. Hapo ndipo daktari alipoinua macho mara ya kwanza, akaliona gauni.

"Mama, umependeza. Wagonjwa wangu wote wangekuwa kama wewe, ningekuwa nalala usingizi."

Dobi alicheka. Alicheka kicheko cha fundi aliyesifiwa kazi yake. "Mke wa dobi huyo, daktari. Akitoka na makunyanzi watu watanisema."

"Basi mama apunguze pilipili na apunguze mawazo. Mwili ni mzima huu. Ikiendelea, arudi baada ya miezi mitatu."

"Ahsante sana, daktari," Dobi alisema, na alikuwa amemaanisha.

Walipotoka getini mkewe alishika uzio. "Baba watoto, hebu tusimame kidogo nitazame haya maua."

Hapakuwa na maua. Palikuwa na uzio wa waya, na nyuma ya uzio gari la mganga mkuu limeegeshwa kivulini. Dobi alisimama naye wakalitazama.

*

Binti yao alirudi kutoka kazini jioni akamkuta mama yake amejikunja kwenye mkeka, chumbani kwa binti mwenyewe. Mama alikuwa amehamia chumba hicho tangu mwaka uliopita, kwa sababu, alisema, chumba cha baba yako kina joto.

"Daktari kasemaje?"

"Kasema mzima," Dobi alijibu kutoka kwenye meza ya pasi.

"Mzima huyu? Mama, wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia tumbo."

"Ukamwambia linauma vipi?"

"Hakuuliza. Na pale lilikuwa limetulia kidogo, nilikuwa nimekunywa zile dawa zangu. Bila dawa ningekaaje kwenye lile benchi?"

Binti alikaa chini na viatu vyake vya kazini. Alimtazama mama, akamtazama baba. "Kwa hiyo," alisema polepole, "mama amemeza ganzi, baba ameinyoosha ganzi kwa pasi, mkaipeleka ikapimwe."

"Usinitanie mwanangu," Dobi alisema.

"Sitanii, baba. Nalia."

Lakini hakulia. Alikuwa na sura ile ya kazini. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za malalamiko katika ofisi ya maji, na kazi hiyo humfundisha mtu kutolia upesi.

Kesho yake asubuhi Dobi alitandika kitanda chake kama kawaida. Upande wake shuka lilikuwa limekunjana. Upande wa mkewe lilikuwa limenyooka vilevile alivyolitandika jana na juzi, jeupe, bila alama ya mtu. Maisha yake yote alikuwa ametafuta kitambaa kilichonyooka namna ile, na alikichukia. Alikipiga ngumi katikati. Kikarudi, kikanyooka.

Mtu akisafiri unamkumbuka, unajua amekwenda wapi na unajua siku ya kurudi. Dobi alikuwa anamkumbuka mtu aliyekuwa nyumba moja naye. Zamani wakifanya kazi, yeye kwenye pasi, mkewe alisimama pembeni na bakuli, anarushia nguo maji kwa ncha za vidole huku akiimba wimbo ambao hakuwahi kuujua wote. Akifika alipousahau anaanza upya. Ulikuwa unamkera, wimbo ule usiofika mwisho. Siku hizi alinyunyiza maji mwenyewe kwa chupa iliyotobolewa kifuniko, na chumba kilikuwa kimya kiasi cha kusikia pasi ikipumua.

*

Jumapili mchana binti aliwakalisha wote wawili chumba cha pasi, katikati ya mashati ya watu.

"Nyinyi mnaongea na daktari kama mnaongea na mkwe," alisema. "Kazini kwangu mtu anapiga simu anasema, 'Maji yenu mabaya.' Nikiandika 'mabaya' hakuna fundi atakayenyanyuka kwenye kiti. Ndiyo wanavyotaka hao. Kwa hiyo namuuliza: yana rangi gani? Yananuka nini? Yalianza lini? Yanatoka hivyo muda wote au asubuhi tu? Nikishayapata hayo, fundi hana pa kujificha."

"Kwa hiyo leo mimi ni bomba," mama yake alisema.

"Leo ni bomba. Univumilie. Tunarudi tena pale, na hatusubiri miezi mitatu ya mtu. Hakuna vidonge siku hiyo. Hakuna pasi. Na maneno uyaseme wewe mwenyewe, baba asikusemee. Tuanze mazoezi."

Mama alitazama mikono yake. Kila binti alipouliza swali, alijibu nusu: linauma huku chini, linauma tu, we mtoto. Mwishowe binti akaona saa ya zamu imefika. Alipotoka alipitia kibandani kwa jirani, na dakika ileile fundi cherehani akaingia, utepe wake wa kupimia unaning'inia shingoni.

"Nimeletewa habari kwamba hapa anatafutwa daktari. Mnamwona huyu? Hata kipimo ninacho." Alijitupa kwenye kiti, akakunja uso. "Nina haraka, nina njaa, na simu yangu inaita. Mgonjwa, ingia."

"Habari za kazi, daktari."

"Nzuri. Za kwako?"

"Nzuri tu, nashukuru."

"Nzuri? Basi nenda nyumbani. Anayefuata!"

Mke wa Dobi alicheka mpaka akashika ubavu, na Dobi akasahau kwa muda kwamba kicheko kile pia kilikuwa kimehama.

"Toka uingie tena. Haya. Unaumwa nini?"

"Tumbo."

"Shoga, watu huanzia mbavuni mpaka magotini, kote mnaita tumbo. Weka kidole."

Mke wa Dobi aliweka kidole. Kidole kilishuka, kikapita kitovu, kikapita fundo la kanga, kikasimama chini kabisa.

"Huko kunaitwaje?"

"Sehemu za siri."

"Za siri kwa nani? Daktari akatafute siri? Sema ukeni. Sema mara tatu, mdomo uzoee."

"Shemeji yako yuko hapa!"

"Shemeji ni mtu mzima, amefua nguo za ndani za nusu ya mji huu. Sema."

Akasema mara moja, kwa sauti ya kuazima. Fundi cherehani hakucheka. Alikuwa anamtazama shoga yake usoni, kama anayeona kitambaa kimeanza kuchanika mahali ambapo hakupashona yeye. Nje mteja alikuwa anaita, fundi, fundi, suruali yangu! Alinyanyuka taratibu, akauvua utepe na kuuvisha shingoni mwa Dobi.

"Shika zamu, shemeji. Usimhurumie."

Wakabaki wawili. Dobi alikaa kwenye kiti cha daktari, hajui mikono aiweke wapi. Aliiweka mapajani.

"Haya, mama," alisema, akimwita mkewe kama anayemwita mgeni. "Inauma namna gani?"

"Kama mtu anayekamua shuka, daktari. Anakamua, anaachia, anakamua tena."

"Wakati gani?"

"Wakati wote. Nikinywa vidonge inajificha, haiondoki."

"Kuna kitu kingine?"

Mkewe hakumtazama usoni. Aliutazama utepe. "Damu."

Dobi alisubiri. Binti alikuwa amesema, usikimbilie swali jingine.

"Mimi nilishaacha kuona siku zangu zamani, daktari. Nikapumzika. Zikarudi, lakini siyo zile. Hizi zina harufu. Tangu binti yangu aanze kazi ya simu."

Binti alikuwa ameanza kazi mwaka jana, kabla mvua hazijanyesha. Dobi aliziona asubuhi zote zile: mkewe anaamka kabla yake, anafua vitu vyake mwenyewe, anavianika nyuma ya mashuka makubwa ya wateja. Alidhani anamwonea huruma kwa wingi wa kazi.

"Ndiyo maana ulikuwa unafua mwenyewe," alisema.

"Daktari haulizi hivyo."

"Samahani." Aliunyoosha utepe shingoni. "Mumeo anajua?"

"Hajui."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Anapenda mashuka meupe, daktari." Alisema bila lawama, kama mtu anayetaja kimo cha mumewe. "Nikahama kitanda. Nikamwambia ni joto."

"Akasemaje?"

"Akaninunulia feni."

Feni ilikuwepo, chumbani kwa binti, alikuwa ameipangusa mwenyewe kila wiki. Pasi mezani ilianza kutoa harufu ya kitambaa kinachoelekea kuungua na hakuna aliyenyanyuka.

"Unamkumbuka?" Dobi aliuliza.

Hilo nalo daktari haulizi, lakini safari hii mkewe hakumrekebisha.

"Kila siku. Namsikia anakohoa ng'ambo ya ukuta. Nilikuwa nampandishia miguu mgongoni nikiwa na baridi, akawa anapiga kelele kwamba miguu yangu ni ya maiti. Nakumbuka kelele hizo." Halafu akauliza kwa adabu, "Umeandika yote, daktari?"

Dobi hakuwa na kalamu wala karatasi. "Nimeandika," alisema.

Fundi cherehani aliporudi alimkuta daktari anajifuta macho kwa shati la mteja, na mgonjwa ndiye amenyanyuka kuitoa pasi.

"Mh. Daktari huyu hafai, analia kabla ya mgonjwa. Nirudishie kipimo changu."

*

Siku waliyorudi kituoni pasi ilikaa baridi. Mkewe alilitoa gauni kwenye kamba akalivaa lilivyo, limejikunja mgongoni kama karatasi iliyotolewa mfukoni. Hakumeza kitu. Njia nzima aliegemea bega la mumewe, akisimama kila penye ukuta, na Dobi alikuwa anawaona wateja wake wanavyoangalia: dobi gani huyu? Alijilazimisha kuwasalimia wote.

Kwenye benchi mkewe hakuweza kukaa. Alisimama ameinama, mikono magotini, jasho linamdondoka puani, na bibi mmoja akamsogezea ndoo.

"Mama, wewe si uliambiwa miezi mitatu?" karani alisema.

"Niliambiwa."

"Haya, unaumwa nini?"

Foleni ilikuwa ndefu kuliko mara ya kwanza. Alilishika dirisha kwa mikono miwili.

"Natokwa na damu ukeni. Nimeshaacha hedhi miaka mingi. Imeanza mwaka jana."

Mwanaume mmoja alikohoa, mwingine akaitazama dari. Karani alisogea karibu na dirisha, akapunguza sauti kwa mara ya kwanza katika kazi yake.

"Si ungesema taratibu, mama?"

"Mara ya kwanza nilisema taratibu."

Daktari hakuwa yule. Yule alikuwa ameitwa kwenye semina. Hawa huitwa kwenye semina kama sisi wengine tunavyoitwa kwenye misiba. Huyu alikuwa mrefu, simu mkononi, na kabla hawajakaa alikuwa ameshalifungua faili.

"Tumbo. Ulishapewa ushauri, mama. Hukuufuata?"

"Daktari, mke wangu—" Dobi alianza, na mkono wa mkewe ukamwangukia gotini, mzito. Akafunga mdomo. Lilikuwa jambo gumu kuliko kubeba furushi la mapazia.

Mkewe alisema. Alisema mahali kwa kidole, akasema kukamua na kuachia, akasema damu na harufu na tangu lini, akasema vidonge vya siku ile na kwamba leo hakumeza. Katikati alinyamaza mara mbili kusubiri maumivu yapite, kama mtu anayesubiri gari lipite ndipo avuke barabara, kisha akaendelea pale alipoachia. Hakuruka neno. Daktari aliiweka simu mezani, kioo chini.

"Lala pale, mama."

Pazia likavutwa. Dobi alibaki upande wa huku anatazama viatu vyake. Ghafla mkewe alipiga ukelele, mpaka watu wa kwenye korido wakasimama, na Dobi akajikuta anashukuru. Anashukuru mkewe ameumizwa! Alijichukia kwa hilo, akaendelea kushukuru.

Walitoka na barua ya kwenda hospitali kubwa. Kule waliipokea, wakaigonga muhuri, wakawaandikia tarehe ya kuonana na bingwa: mwezi wa sita, katikati.

"Huu si mwezi wa tatu tu?" Dobi alimuuliza mpokeaji.

"Ndiyo, mzee."

"Sasa hapa katikati afanye nini?"

"Asubiri."

*

Miongoni mwa wateja wa Dobi alikuwepo mkubwa mmoja serikalini, ambaye mashati yake yote, kwa miaka, yalikuwa yamepita chini ya pasi ile. Dobi hakuwahi kumwona ana kwa ana. Alimjua kwa kola. Dereva ndiye aliyeleta na kuchukua. Jumamosi moja dereva alikuja na gari likiwa na mwenyewe ndani, wanapita kuelekea kwenye mkutano, na Dobi akaona Mungu amemletea njia. Aliyachukua mashati yaliyo tayari, akaenda nayo mpaka dirishani mwa gari, akainama. Kioo kikateremka kidogo.

"Mheshimiwa, samahani. Mimi ndiye ninayekunyooshea nguo."

"Ahaa! Mzee wangu. Kazi nzuri."

"Nina mgonjwa, mheshimiwa. Mke wangu. Anavuja damu, na hospitali kubwa wametupa mwezi wa sita. Nikaona kama ungeweza kusema neno tu, hata kwa simu."

Mkubwa alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, au ya kuzoea. "Pole sana. Lakini mzee wangu, tufuate utaratibu. Tukianza kurukana foleni, nchi itafika wapi?"

"Sawa, mheshimiwa."

"Na lile la bluu wiki iliyopita, mkono wa kushoto ulikuwa na mistari miwili ya pasi. Angalia hilo."

Kioo kikapanda. Wiki mbili zilizofuata dereva hakuleta nguo. Alipokuja, Dobi alimuuliza kama amewakosea.

"Hapana mzee, bosi hakuwepo. Alipanda ndege kwenda kutazamwa jino."

Dobi aliyapokea mashati. Aliyafua, akayanyoosha, maana mwenye mgonjwa hana ubavu wa kumfukuza mteja. Lakini kila aliposhika kola alihisi anashika shingo.

*

Jioni ya siku ile ya mazoezi, Dobi alikuwa ameling'oa shuka jeupe kitandani. Alikuwa ametandika pazia kuukuu la zambarau lililosahauliwa na mteja, zito, lisiloonyesha kitu. Kisha akaenda kusimama mlangoni mwa chumba cha binti.

"Joto limepungua," alisema.

Mkewe alikuwa ameutazama mkeka, akamtazama yeye, akanyanyuka.

Kwa hiyo miezi ile ya kusubiri walilala pamoja tena. Miguu ilirudi mgongoni mwake, na kweli ilikuwa ya baridi, ya baridi kuliko zamani, na Dobi alipiga kelele kama alivyotakiwa. Alizipiga kila siku. Lakini zilikuwa kelele za kuigiza, na miguu ilikuwa inapungua uzito wiki hadi wiki, na hata alipokuwa naye karibu namna ile, pumzi yake ikimgusa shingoni, alimkumbuka. Alimkumbuka wa mwaka juzi, wa bakuli la maji. Mchana mmoja alimwomba aimbe ule wimbo.

"Upi?"

"Ule usioujua."

Mkewe alianza, akafika pale aliposahau. Dobi alisubiri aanze upya. Hakuanza. Alikuwa amechoka, alisema, wataumalizia kesho.

*

Bingwa alikuwa mama wa makamo, nywele zimeanza kuwa na mvi pembeni, sauti ya chini. Chumba chake kilikuwa na kiti kwa kila mtu, jambo lililowashangaza wote watatu, maana safari hii binti alikuwa ameomba ruhusa kazini. Aliuliza maswali yake bila kutazama saa. Na mke wa Dobi aliyajibu. Aliyajibu kwa mpangilio, mahali, namna, tangu lini, wakati gani, kinachotuliza, kinachozidisha, mikono yake miembamba imetulia mapajani. Binti alikuwa anatikisa midomo bila sauti, kama mama anayemsikiliza mtoto wake akisoma mbele ya shule.

"Umeeleza vizuri, mama," bingwa alisema. "Nimepata picha kamili. Tuangalie."

Nyuma ya pazia alikaa muda mrefu. Hapakusikika ukelele, ila kitu cha chuma kikiwekwa kwenye bakuli, na sauti ya bingwa ikisema pole, pole mama, namalizia. Dobi alimshika binti mkono. Hakukumbuka mara ya mwisho aliyomshika mkono. Pengine binti alikuwa anajifunza kutembea.

Bingwa alitoka, akavua glovu moja, akavua na ya pili. Alinawa. Alimsaidia mgonjwa kushuka, akamfungia mwenyewe kifungo cha nyuma ya gauni, akamkalisha. Yeye hakurudi nyuma ya meza yake. Alivuta kiti akakaa mbele yao, magoti yake karibu yaguse ya mke wa Dobi, na faili akaliweka mapajani likiwa limefunguliwa kwenye ukurasa wa kwanza, wa mwezi wa pili, wenye neno moja la karani na mstari mmoja wa daktari chini yake.

Hakuusoma ukurasa ule. Aliwasoma wao.

"Mama," aliuliza, kwa upole ambao Dobi angependa usingekuwepo, apate mtu wa kumkasirikia, "mlikuwa wapi siku zote hizi?"

Mke wa Dobi alifungua mdomo. Alikuwa na jibu la kila kitu, la rangi na harufu na saa, lakini hilo hawakuwa wamelifanyia mazoezi. Alimtazama mumewe. Dobi alimtazama binti. Binti, aliyezoea kuuliza watu mpaka wakose pa kujificha, alikuwa anatazama sakafu.

Nje korido ilikuwa imejaa, karani wa huku naye anaita majina. Bingwa alisubiri. Kisha, kama mtu anayedhani hawakumsikia, akasogea mbele kidogo, akauliza tena, taratibu zaidi:

"Mlikuwa wapi?"